Kinara cha mshumaa cha ukutani kinaposumbua: soma dalili kabla ya kununua kingine

Vinara vya ukutani vya mtindo wa Marekani ya kikoloni, vinavyoiga vile vya karne ya 18 huko New England, Pennsylvania na Virginia, havina mambo mengi. Kuna bamba la nyuma la kuakisi mwanga, mkono mfupi, kikombe cha kushika mshumaa na kisahani cha kudaka nta. Kwa hiyo kinara kikisumbua, mara nyingi kosa liko kwenye mshumaa, upepo wa chumba au ukuta wenyewe. Mwenye nyumba asiyejua hilo hukivua, hununua cha bei kubwa zaidi, na ukuta unarudi kuwa mweusi kabla mwezi haujaisha.

Mwongozo huu unawahusu zaidi ndugu zetu walioko Marekani, hasa wanaoishi kwenye nyumba za zamani ambako vinara hivi hukutwa tayari ukutani, pamoja na wale wanaovibeba kuja navyo Afrika Mashariki. Kabla ya yote, jua kinara chako ni cha nini. Kisogezee sumaku. Ikinasa, hicho ni bati, yaani chuma chembamba kilichopakwa tini, au ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiponasa, huenda ni shaba ya manjano au pyuta, mchanganyiko wa metali ambao sehemu kubwa ni tini. Kila kimoja kina tiba yake, na dawa ya shaba ikipakwa kwenye bati hukiharibu kinara kizima.

Ukuta unaota weusi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Angalia kwanza weusi umekaa wapi.

Ukiwa na umbo la ulimi mrefu, umesimama wima juu ya mshumaa, utambi ni mrefu mno. Mwali mrefu hauipati hewa ya kutosha kuunguza mvuke wote wa nta, na kaboni isiyoungua inapanda kama masizi. Kata utambi ubaki milimita 6 hivi kila kabla ya kuwasha. Wengi hukata siku ya kwanza tu wakasahau. Utambi ukitokeza kidonge cheusi kama kofia ya uyoga kwenye ncha, umeshachelewa: zima, subiri upoe, kata.

Hapa inafaa kujua walivyoishi wenye vinara vya asili. Utambi wa zamani ulisokotwa tu, ukasimama wima katikati ya mwali na kugeuka mkaa, hivyo ilibidi mtu apite na mkasi maalumu akate ncha mara kwa mara jioni nzima. Utambi uliosukwa, unaojipinda na kuungulia pembeni mwa mwali, ulikuja mwaka 1825 kwa kazi ya Mfaransa Cambacérès. Ukinunua mshumaa wa shahamu wenye utambi wa kusokotwa kwa sababu unataka uhalisia, basi na moshi wake ni sehemu ya uhalisia huo, na utahitaji mkasi karibu yako.

Weusi ukiegemea upande mmoja, au ukitapakaa kama ukungu wa kijivu hadi darini, chanzo ni upepo. Mwali unaoyumba hutoa masizi hata kama utambi umekatwa vizuri. Kuupata upepo huo si kazi ngumu: zima mshumaa, washa kijiti cha udi, kishike pale pale mwali unapokuwa, kisha tulia na utazame moshi. Moshi ukipanda wima kwa urefu wa shubiri mbili hivi ndipo uanze kutawanyika, mahali ni salama. Ukikatika na kulala upande mara tu unapotoka kwenye kijiti, hapo hapafai mshumaa. Fuata upande unakotoka. Kwenye nyumba za Marekani mkosaji huwa ni tundu la hewa ya moto la sakafuni, dirisha la zamani la kupandisha na kushusha, au feni ya dari. Rudia jaribio hilo mfumo wa joto ukiwa umewashwa, kwa sababu chumba kinaweza kutulia mchana kutwa, kisha kikapuliziwa hewa kila baada ya dakika kadhaa usiku.

Kama weusi uko kwenye bamba lenyewe, nyuma tu ya mwali, mshumaa uko karibu mno na bamba. Ama umeinama kuelekea ukutani, ama mkono wa kinara umepinda, ama fundi alitengeneza mkono mfupi kuliko inavyostahili. Nyoosha mkono taratibu kwa mikono miwili, huku ukishika shina lake ili kiungo cha lehemu kisiachie. Ukiwa mfupi kwa kuumbwa, tumia mshumaa mwembamba zaidi au ukifanye kinara hicho pambo tu.

Kusafisha masizi kuna utaratibu wake, na watu wengi hukosea hapa: wanakimbilia kitambaa chenye maji. Maji huyageuza masizi kuwa wino na kuyapeleka ndani ya rangi. Tumia kwanza sifongo kavu la mpira linalouzwa kwa kazi hiyo. Livute kwa mistari mirefu kutoka juu kwenda chini bila kusugua, na ugeuze upande kila linapojaa. Likiacha kutoa weusi, ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Ukuta wenye karatasi za mapambo uishie kwenye sifongo kavu.

Na kuhusu nafasi: sentimita 30 kutoka chochote kinachoshika moto ni kiwango cha chini, na juu ya mwali acha nafasi kubwa zaidi, kwa sababu joto lote linakwenda huko. Pazia lililo mbali dirisha likiwa limefungwa linaweza kufika kwenye mwali dirisha likifunguliwa.

Nta inamwagika

Mshumaa mzuri, mahali penye hewa tulivu, hujaza kijibwawa cha nta juu yake na kuila yote. Ukimwaga, ukingo umevunjika mahali.

Tazama ni upande gani. Ukimwaga upande ule ule kila siku, na ukiuzungusha nusu mzunguko bado unamwaga upande ule ule wa chumba, ni upepo: mwali unalazwa huko, unayeyusha ukingo wa upande huo. Lakini ukiuzungusha na mmwagiko ukahama pamoja na mshumaa, mshumaa una kasoro, labda utambi hauko katikati. Na kama vinara viwili vilivyo ukuta mmoja vinamwaga vyote kuelekea chini ya mkono, pima kama mishumaa imesimama wima. Shusha uzi wenye uzito mdogo kando yake uone. Mshumaa ulioinama kidogo tu hukosesha nta mahali pa kukaa.

Aina ya nta nayo ina neno. Parafini laini ya bei rahisi huyeyuka mapema na kumwaga zaidi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, huungua polepole, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kinara cha aina hii kama mfuko unaruhusu. Zamani wenye uwezo walitumia pia mishumaa ya spamaseti, nta ya kichwani mwa nyangumi, iliyosifiwa kwa kutolainika kirahisi. Familia za kawaida zilikuwa na shahamu ya ng'ombe au kondoo, na mahali pengine pwani ya New England walichemsha matunda ya kichaka cha bayberry ili kupata nta ya kijani yenye harufu nzuri. Parafini haikuwepo kabisa enzi ya ukoloni wa Marekani. Ilianza kutumika kwenye mishumaa miaka ya 1850.

Mshumaa unaopinda kama upinde hata bila kuwashwa umepigwa na joto. Hili hutokea majira ya kiangazi kwenye ukuta unaopata jua, na hutokea Mombasa na Dar es Salaam karibu mwaka mzima. Usijaribu kuunyoosha ukiwa mgumu, utavunjika ndani na utambi ubaki unaning'inia. Ulaze kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uviringishe juu ya meza. Mishumaa mingine yote itunze ikiwa imelazwa kabatini.

Nta iliyoganda kwenye kinara isikwanguliwe kwa kisu. Kinara kidogo cha shaba au cha bati kitie kwenye friza kwa saa moja, nta itabanduka kwa kidole. Kisichoingia, kipashe kwa mashine ya kukaushia nywele na ufute kwa karatasi laini. Usikitie kwenye jiko la kuokea, na nta iliyoyeyuka usiimwage kwenye sinki, maana itaganda ndani ya bomba.

Mshumaa unacheza kwenye kikombe, au hauingii

Mishumaa mirefu ya Marekani kwa kawaida ina kitako cha milimita 22. Vinara vingi vya kuiga vimechongwa kwa kipimo hicho, lakini mafundi wanaofuata vipimo vya kale hutengeneza vikombe vidogo au vikubwa zaidi, kwa sababu zamani mishumaa ya kuchovya nyumbani haikuwa na kipimo kimoja.

Ukicheza, zungushia kitako ukanda mwembamba wa nta ya nyuki uliolainishwa mkononi. Karatasi usitumie kabisa: siku mshumaa utakapoungua hadi chini, karatasi hiyo itakuwa utambi wa pili. Usipoingia, chovya kitako kwenye maji moto kwa sekunde chache na usukume huku ukizungusha.

Kinara kinalegea au kinadondoka

Kinara chenyewe ni chepesi, lakini mkono unaotokeza mbele huvuta skrubu ya juu kwenda nje kila unapobonyeza mshumaa. Skrubu iliyoingia kwenye jipsamu tupu itang'oka. Tafuta nguzo ya mbao ndani ya ukuta. Kwenye nyumba za Marekani nguzo hizo kwa kawaida hupishana sentimita 40 hivi, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Kama mahali unapopataka hapana nguzo, tumia bolti yenye mabawa yanayofunguka nyuma ya jipsamu.

Nyumba za kale ni habari nyingine. Kuta zake ni lipu juu ya fito. Lipu ile ilisukumwa kati ya fito ikajikunja nyuma na kuganda kama kulabu, na kulabu hizo ndizo zinazoishika. Ukipiga msumari kwa nyundo, mtikisiko unazivunja, na unaweza kukuta kipande kikubwa kuliko kinara kikianza kubonyea. Toboa kwa drili, mwendo wa polepole, bila mdundo. Mashine za kutafutia nguzo hudanganywa na fito. Badala yake chukua sumaku ndogo yenye nguvu, ifunge uzi, uipitishe ukutani. Itanasa kwenye vichwa vya misumari inayoshikilia fito. Weka alama ya penseli kila inaponasa. Alama kadhaa zikijipanga wima, moja juu ya nyingine, nguzo iko hapo.

Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi yake inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Lowesha mahali unapotoboa, vaa barakoa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usifagie, na watoto wakae chumba kingine mpaka umalize. Vumbi la risasi humdhuru mtoto hata likiwa dogo, kwa hiyo hapa usifanye haraka.

Kwenye kuta za tofali na bloku za kwetu kazi ni rahisi: tundu, kishikilio cha plastiki, skrubu. Kinachosumbua ni lipu yenye mchanga mwingi, ambamo kishikilio huzunguka bure. Toboa zaidi mpaka ulifikie tofali lenyewe.

Kutu, madoa na weusi wa chuma

Kwenye bati kutu huanza kama nukta za kahawia kwenye mikwaruzo na kwenye matundu ya mapambo yaliyotobolewa. Tini hukilinda chuma kwa kukifunika tu. Ikikwaruzwa, chuma kilicho wazi huliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake, kwa hiyo mkwaruzo mmoja wa kisu cha kukwangua nta ndio mwanzo wa kutu yote. Sugua nukta hizo kwa sufu ya chuma laini kabisa yenye tone la mafuta, futa mafuta yote, kausha, kisha paka nta nyembamba ya kung'arishia. Karibu na bahari, iwe Cape Cod au Tanga, fanya hivyo mapema, hewa ya chumvi haisubiri. Ukiona unga mweupe badala ya kahawia, hilo ni bati lililopakwa zinki. Lioshe na kulikausha, halina haraka.

Shaba ya manjano ikiwa imeng'aa kote isipokuwa madoa meusi yanayotambaa kama nyuzi, ilipakwa vanishi na vanishi hiyo imepasuka. Limau halitasaidia, kwa sababu halifiki kwenye chuma. Ondoa vanishi yote kwa asetoni, nje ya nyumba na mbali na moto, ndipo ung'arishe. Shaba isiyo na vanishi inakubali limau na chumvi, mradi uisuuze na kuikausha papo hapo. Ila kama sumaku ilinasa, wacha kabisa: ule ni mpako mwembamba na utaumaliza kwa kusugua. Na kama kinara kilinunuliwa kikiwa cheusi-cheusi kwa makusudi ili kionekane cha kale, uzuri wake ni huo. Kifute vumbi basi.

Vile vyenye vipande vya kioo visipuliziwe dawa ya vioo. Maji hupenya pembeni na kula fedha ya nyuma ya kioo, na doa hilo halitoki tena. Pulizia kitambaa.

Kikombe kimeachia

Chanzo karibu kila mara ni mshumaa ulioachwa uungue hadi mwisho. Lehemu ya kawaida ya tini na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na tini yenyewe kwenye 232. Mwali uliofika kikombeni unavuka joto hilo bila shida. Zima mshumaa ukibaki na sentimita 5.

Gundi haifai hapa. Mpelekee fundi anayelehemu bati, mwombe lehemu isiyo na risasi, naye asafishe kiungo cha zamani kwanza. Kazi hii ni ile ile waliyoifanya kina Pattison, familia iliyotoka Ireland na kuanza ufundi wa bati mjini Berlin, Connecticut, karibu mwaka 1740: kukata, kukunja, kulehemu. Kinara cha bati kilichotengenezwa kwa njia hiyo kinarekebishika tena na tena, na ndiyo sababu mimi hupendelea hivyo kuliko vile vya kubandikwa kiwandani.

Mwanga ni hafifu

Hii si hitilafu. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi, na balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Unachoweza kufanya ni kuling'arisha bamba la nyuma, kwa sababu ndilo linalorudisha chumbani mwanga ambao ungepotelea ukutani. Bamba lenye ukungu wa masizi ni sawa na kukosa bamba. Kisha kishushe kinara: vingi huwekwa juu mno. Mwali ukiwa juu kidogo ya macho ya mtu aliyesimama, mwanga unafika mezani.

Vile vya umeme vyenye umbo la mshumaa

Zima umeme kwenye meni swichi na uhakikishe kwa testa kabla ya kugusa.

Balbu isipowaka ilhali ni nzima, ulimi wa shaba chini ya holda umelala. Uinue kidogo kwa kijiti cha mbao. Mwanga wa balbu ya LED ukichezacheza au holda ikilia mlio mwembamba, swichi ya kupunguza mwanga haipatani na balbu hiyo. Ganda la mshumaa bandia likigeuka kahawia, balbu ina wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye holda.

Tatizo la pekee la mtindo huu ni bamba jembamba lisilofunika kisanduku cha nyaya ukutani. Kisanduku cha kawaida cha Marekani kina upana wa inchi 4, na mabamba mengi ya kikoloni ni membamba kuliko hapo. Usizibe pengo kwa lipu wala kwa karatasi. Weka bamba la ziada la chuma nyuma ya kinara, au fundi abadilishe kisanduku kiwe chembamba.

Wanaovileta Afrika Mashariki wajue kwamba vimeundwa kwa volti 120, na kwetu ni 230 hadi 240. Balbu yake itakufa mara moja, pengine kwa kupasuka. Holda yake ya E12, yenye mdomo wa milimita 12, haishiki balbu za E14, za milimita 14, zinazouzwa madukani kwetu. Njia ya uhakika ni fundi umeme kutoa holda na nyaya zote, kuweka za volti 250 zenye E14, na kuunga ethi kwenye mwili wa chuma. Mwambie pia kuhusu rangi, kabla hajaanza: kwenye kinara cha Marekani waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ni nyutro, wakati kwenye nyumba nyingi za kwetu zilizofungwa nyaya kwa mtindo wa zamani wa Uingereza, mweusi ndio nyutro na mwekundu ndio wenye moto. Fundi akiunga mweusi kwa mweusi, taa itawaka kama kawaida, lakini ganda la holda litakuwa na umeme, na atakayeligusa akibadilisha balbu swichi ikiwa imewashwa atapigwa shoti.